Jiwe Alilokimbia Nalo Mama

Siku waliyotuonyesha mahali ambapo kingechimbwa choo cha watalii, mimi nilikuwa nimesimama juu ya ndugu yangu, nakula ndizi. Sikujua. Hakuna aliyeniambia. Mpaka leo nikiona ndizi mbivu sokoni Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, nageuza uso, na wauzaji wenzangu wananishangaa: we mama wa bitenge, una ugomvi gani na ndizi?

Nianze na wageni, maana bila wao tungeendelea kupita njia ile tumefumba macho. Mtoto wa mjomba wangu, ambaye mimi namwita kaka, alikuja kututembelea kutoka Amerika, yeye na binti yake msichana wa sekondari. Walihamishiwa huko kutoka kambini Tanzania. Wanakaa jimbo moja la kusini, lina joto kama la kwetu, anasema, ila samaki wake hawana ladha. Sasa huko, siku za mapumziko, watu huwapakia watoto kwenye gari wakaenda kutazama mambo ya zamani: nyumba za matajiri waliokufa, viwanja vilipopiganwa vita, mashamba walipolimishwa watumwa. Wanapiga picha, wanakula barafu, wanarudi nyumbani. Basi binti akamuuliza baba yake: na kwetu sisi kuna nini cha kutazama?

Kaka alipoleta swali hilo kwetu, nilicheka mpaka nikakohoa. Cha kutazama Baraka! Tazama vumbi. Tazama magari ya mashirika yakikupulizia vumbi hilo. Panda Misisi ukatazame watu walivyo ndani ya mashimo ya dhahabu, ukirudi na viatu vyako ushukuru Mungu. Kaka akasema hapana, kuna kijana mmoja ana komite ya utalii, ameshaongea naye kwa simu, kesho anakuja. Nikasema haya, mtatuonyesha wenyewe kwetu.

Mimi, mjue, nimekulia kambini. Kiswahili changu nimefundishwa na vitabu vya Tanzania, na nikifungua mdomo hapa Baraka watu wananitania kwamba nasoma taarifa ya habari. Mama yangu Kiswahili chake ni cha huku huku Fizi, hakuna aliyekigusa. Nikisema "watoto", yeye anasema "batoto", "ndiye" na "ndipo" zangu zote kwake ni "njo", na kila mmoja anamwona mwenzake ndiye anayekosea.

Na lazima niseme habari ya jiwe la mlango, kwa sababu ndilo lililotuleta hapa.

Vita ya kwanza ilipofika kwetu, kila mtu alikimbia na kitu. Wengine godoro, wengine kuku. Jirani yetu mmoja aling'oa mlango wa nyumba yake, akaubeba kichwani mpaka ziwani, na mwenye boti akamwuliza kama yuko sawa. Mama yangu alibeba vitu viwili. Mgongoni alinibeba mimi, mtoto wa kunyonya. Mkononi alibeba jiwe. Jiwe, jamani! Jeusi, la ukubwa wa mkate, upande mmoja laini. Likavuka ziwa hadi Kigoma, likakaa nasi kambini miaka yote hiyo, likarudi nasi Baraka tuliporudishwa, na hapa likapewa kazi ya kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Watu wa karibu wakimaliza kula kwetu huniomba: hebu tupe ile ya jiwe. Mimi ndiye msimulizi wake. Kwenye harusi ya mdogo wangu niliisimulia kwa kipaza sauti, nikamwigiza mama anavyokimbia amekumbatia jiwe na risasi zinalia, watu wakashika mbavu. Mama naye alicheka, mdomo umefungwa, halafu akainuka kwenda kutazama sufuria.

Kulikuwa na mawili tu ambayo sikuyaelewa. La kwanza: nilipokuwa mdogo, kila nikishaogeshwa na kupakwa mafuta, yale yaliyobaki kiganjani mama aliyapaka jiwe. Nilidhani hapendi kupoteza mafuta, maana kambini mafuta yalikuwa ya shida. La pili: wadogo zangu wote wana majina ya Kibembe, ya mababu na mabibi. Mimi peke yangu nina la kanisa, basi. Nilipouliza, jibu lilikuwa lile lile: "Ya kwako ilibakiaka njiani." Ukimwuliza njia ipi, anakutuma maji.

Kesho yake yule kijana wa komite akaja, fulana ya kijani, viatu vimepigwa rangi. Kijana mwenye adabu, sina la kumsema. Naye alizaliwa kambini kama wengi wetu, akarudi mkubwa, akaanza kuulizia hii nchi ambayo wazazi wake walimsimulia nusu nusu. Alisimama uani kwetu akatupangia safari: tutaanza ziwani walipopakiwa watumwa, tutaona miembe ya zamani ya Waarabu, halafu tutapanda Fizi kutazama nyumba za Wabelgiji. "Na katikati ya njia," akasema, "tutasimama kwenye jiwe la watumwa."

Mama alikuwa pembeni anachambua ndakala, dagaa wa kwetu, kwenye ungo. Akauliza bila kuinua kichwa, "Hiyo jiwe iko fasi gani?"

"Kwenye ile kona, mama, ukishavuka kijito. Penye michikichi ya zamani. Tuliliona tulipofyeka msitu."

Mkono wa mama ukasimama ndani ya ungo. Kisha akajikung'uta, akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake cha kwenda kanisani. "Mi naenda na nyie," akasema, na kabla hatujajibu alikuwa ameketi ndani ya jeep ya komite.

Nilishangaa kweli. Mama yangu na njia ya Fizi hawapatani. Tukienda maziko au harusi huko juu, akifika kona ile anajifunika kitenge uso mzima, anasema ni kizunguzungu, mpaka tuipite. Nikamwambia kaka kwa sauti ya chini, ona leo, Amerika imemponya shangazi yako kizunguzungu.

Tukaanza ziwani. Kijana akatusimamisha pale pale ambapo mimi kila asubuhi nabishana na wauza samaki, akasema hapa watu waliletwa kutoka bara, wamefungwa shingo kwa shingo, wakasubiri boti. Akaonyesha kwa mkono: walikalishwa kuanzia hapa hadi kwenye yale mawe. Rasi ya Ubwari ilikuwa ng'ambo imejifunika ukungu wake, boti zinashusha mafuta na saruji, mtu anapiga kelele juu ya deni la jana. Binti wa kaka akaanza kulia, machozi ya kweli. Nami nikatazama chini ya miguu yangu. Ukubwa wangu wote huu sijawahi kuuliza mchanga ule ulimbeba nani. Nimeutemea mate, nimeumwagia maji ya samaki. Nikajisikia vibaya, nikanunua ndizi ili nipate la kufanya.

Njiani nikarudia hali yangu, nikaanza kumtania kijana: na sisi tuliokimbizwa, lini mtatutengenezea kibao? Leo Warundi wako kambini Lusenda kwenye mahema, kesho mjukuu wako atawaonyesha watalii: hapa mkimbizi alipiga foleni ya maharage. Kaka akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, na tulipofika kona, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, hakujifunika uso.

Jeep ikasimama. Walikuwa wamefyeka vizuri, wamezungusha mawe madogo yaliyopakwa chokaa, na katikati likalala jiwe lenyewe: refu kama ubao wa kufulia, limelika katikati likafanya kama hori. Kijana akashusha sauti. Akasema misafara ilipumzika hapa. Watumwa walipigishwa magoti, mikono nyuma, maji yakamiminwa ndani ya jiwe, wakanywa kama mbuzi. "Pitisheni mkono," akasema, "muone lilivyolainika. Hiyo ni midomo ya watu."

Eh, Mungu wangu! Nilipitisha mkono, na ukweli lilikuwa laini, nikauondoa haraka kana kwamba limenichoma. Kaka alivua kofia. Binti yake, ambaye moyo wake ulikuwa umeshalowa tangu ziwani, akapiga magoti mbele ya jiwe, akaweka mikono nyuma, akainamisha uso ndani ya shimo, na akamwomba baba yake ampige picha.

"Toka pale!"

Niligeuka kutafuta nani amepiga kelele. Ni mama. Mama yangu, ambaye hata mbuzi wa jirani akila mboga zake humwambia "shii" tu. Binti aliruka kama aliyekanyaga moto. Kijana wa komite akadhani mama ameguswa na historia, akamwambia pole, wazee wengi wanaguswa. Halafu, ili apoze mambo, akatuita kando kidogo atuonyeshe mipango.

Mipango yenyewe ilikuwa hivi. Jiwe litabebwa, litashushwa Baraka karibu na ziwa, ili wageni wasio na muda wa kupanda mlima walione huko. Hapa pataachwa kibao na kibanda cha soda. Na kwa kuwa wageni wakinywa soda wanahitaji kujisaidia, choo. Walikuwa wameshapigilia vijiti na kuzungusha kamba, kuanzia pale lilipolala jiwe kuja kwetu, na jembe na beleshi vilikuwa vimeegemezwa mchikichi. "Kesho vijana wanaanza kuchimba," akasema. "Kitaenda chini sana. Hakitanuka."

Mimi nilikuwa ndani ya kamba. Ndizi ya pili.

Mama akaja taratibu, akainua kamba, akapita chini yake, akaketi chini. Kwa kitenge chake cha kanisani, juu ya udongo.

"Mama, inuka, utakichafua."

"Mi sitoki hapa."

Tulidhani utani. Kaka akamwambia shangazi, jua kali, twende Fizi tukale. Akakaza kitenge magotini. Kijana akachuchumaa mbele yake kwa heshima. "Mama, kama shamba ni la familia yenu sema tu, tutaenda kwa shefu wa kijiji tuongee."

"Siko na shamba, papa." Kwa mama kila mtoto wa kiume ni papa.

"Sasa kuna nini?"

Mama akaniangalia. Akaangalia chini. Alishika udongo kwa mikono miwili, na sijawahi kumwona hivyo, hata tulipomzika baba. "Huyu atoke kwanza," akasema.

"Huyu nani? Mimi?"

"Siwezi sema mbele yake."

Mimi ninayekaa naye! Mimi ninayempeleka hospitali, ninayemsikiliza akikoroma! Nikasema mbele ya wote kwamba mimi sitoki, kama ni siri ya familia basi na mimi ni familia, au niliokotwa? Nilisema na mengine. Kaka akanishika bega. Mama alingoja nimalize, kama anavyongoja mvua, kisha akasema kitu ambacho kilinimaliza kabisa.

"Enda nyumbani. Leta jiwe ya mulango."

Nilimtazama kijana, kijana akanitazama. Nilidhani akili ya mama imeruka. Jua, hasira, historia ya watumwa, imeruka. Nikaogopa, na kwa sababu nimeogopa nikatii. Jeep sikutaka waniachie, ikibidi kumkimbiza hospitali itahitajika. Nikasimamisha pikipiki barabarani, nikashuka Baraka, nikalibeba jiwe, nikapanda tena.

Safari hiyo sitaisahau. Nimepakata jiwe kama mtoto, vumbi la malori ya Lulimba linanijaa mdomoni, na yule wa pikipiki hanyamazi. "Dada, unapeleka jiwe Fizi? Kule iko mawe mingi!" Akipishana na mwenzake anapiga honi na kumwonyesha kidole: muone, abiria wangu ameolewa na jiwe. Siku nyingine ningemjibu akaipata. Siku hiyo nilikuwa naomba tu nimkute mama anazungumza lugha ya watu.

Nilimkuta pale pale. Walikuwa wameketi wote naye ndani ya kamba, hata kijana, hata binti, ambaye alikuwa amemshika mkono.

"Weka," mama akaniambia.

"Wapi?"

"Utaona fasi yake."

Nikatazama huku na huku. Kitu gani kingine kilikuwepo pale? Nikainama kwenye lile jiwe la watumwa, nikaweka la kwetu ndani ya shimo, upande laini chini. Likaingia. Halikuyumba, halikubakiza nafasi. Likatulia kama mguu ndani ya kiatu chake. Sijui mikono yangu ilijuaje, lakini ilisukuma, mbele, nyuma, na mawe yakatoa ile sauti ambayo kila mtoto aliyelelewa na bibi anaijua.

"Ni la kusagia," kijana akasema. Alisimama. Akaweka mikono kichwani. "Mungu wangu. Ni la kusagia mahindi."

Hata mjinga angejua. Jiwe kubwa la chini watu wetu wanaliita mama, dogo la juu wanaliita mtoto. Hakuna midomo ya mtumwa iliyolilainisha. Ni unga. Na sisi wote, watoto wa kambi tuliokula unga wa gunia, tumelisimamia tumevua kofia.

"Hapa ilikuwa nyumba yangu," mama akamwambia kijana. "Jikoni njo pale unasimama."

Nikacheka. Naomba mnielewe, nilicheka kwa furaha: kumbe ni hilo tu! Mama hana wazimu, ni nyumba yake ya zamani, anaionea uchungu, tutaongea na komite, choo kitasogezwa. Nilikuwa tayari nimeanza kuitunga mpya kichwani, ya mama na jiwe, sehemu ya pili, itakavyochekesha.

Mama akajivuta mpaka kwenye mawe. Akaweka kiganja juu. Hakuniangalia mimi, hakumwangalia yeyote. Akaliambia jiwe:

"Papa, nakuletea dada yako. Muone, iko mukubwa. Maziwa yako, yeye njo alimaliza yote. Usimukasirikie."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nilitazama nyuma yangu kama kuna dada mwingine amefika. Ni kaka ndiye aliyesema neno, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Mapasa," akasema. Pacha. "Mlikuwa mapasa."

Niliketi nilipokuwa nimesimama, halafu nikatambua nimeketi juu ya nini, nikaruka, nikajikwaa kwenye kamba, nikaanguka nje ya vijiti vyao. Ganda langu la ndizi lilikuwa bado pale, ndani ya kamba. Nilirudi nikitambaa kuliokota.

Mama akasimulia, amenipa mgongo. Alikuwa anamwambia kaka, si mimi. Mimi nilisikia tu. Mvulana alitangulia kuzaliwa, mimi nikafuata. Yule mvulana akapata homa, na siku aliyokata roho ndiyo siku milio ilisikika milimani na watu walishaanza kushuka ziwani. Hakukuwa na mwanamume nyumbani. Mama alichimba kaburi mwenyewe, uani, kwa jembe la jikoni, mimi nikiwa mgongoni. Akalivuta lile jiwe kubwa akafunika nalo kaburi ili mbwa wasifukue. Mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kumharakisha, akamwambia yale wanayoambiwa wazazi wa mapasa: usilie, pacha haliliwi. Usiseme amekufa, sema amerudi. Beba kitu chake, kikae na yule aliyebaki, ukimpaka mafuta na chenyewe ukipake, asije akamtafuta mwenzake. Na aliyebaki asiambiwe mpaka naye azae, la sivyo atamfuata.

Akachukua jiwe la mtoto. Akakimbia.

Mimi sijazaa. Watu wote Baraka wanajua sijazaa, ni maongezi yao. Kumbe mama yangu kila alipoomba kanisani nipate mtoto, mimi nikikasirika kwamba ananidharau, alikuwa anaomba ruhusa ya kuongea.

Nililia? Kwanza nilifoka. Nilimzunguka ili nimwone uso, akaugeuza, nikamzunguka tena. "Nimekuwa nikiwachekesha watu! Kwa kipaza sauti! Harusini! Nimekuigiza unakimbia na jiwe, na ni mtoto! Na wewe ukaniacha! Ukaketi pale ukanisikiliza!"

Hapo ndipo aliponiangalia.

"Nilikuwa nafurahi," akasema. "Ukicheka, nilikuwa najua ungali hapa."

Kijana wa komite alikuwa anang'oa vijiti. Aliving'oa vyote, akaviringisha kamba mkononi, akaviringisha mpaka ikaisha, kisha akabaki ameishika. Akasema, "Mama, nimewapigisha watu magoti hapa. Wengi." Mama akamwambia hukujua, papa, hakuna aliyejua. Hatukufika Fizi kutazama nyumba za Wabelgiji. Binti wa kaka alifuta picha yake kwenye simu bila kuambiwa.

Jiwe la mtoto tulilibakiza juu ya mama yake. Nyumbani mlango ukawa unabamizwa kutwa, paa, paa, na hakuna aliyeweka kitu kingine. Mimi na mama hatukuongea. Au tuseme mimi sikuongea. Yeye alikuwa ananinyemelea. Nikila, anahesabu matonge kwa macho. Nikilala mchana, naamka namkuta amesimama mlangoni anatazama kifua changu kama kinapanda. Nikipiga chafya, anashika kichwa. Hasira yangu ilikuwa kubwa, lakini niliona anavyokonda, na nikatambua mwanamke yule alikuwa amepima: mtoto aliyekufa achimbiwe choo juu yake, au aliye hai aambiwe na afe. Alikuwa ametafuta njia ya kutosema na mdomo. Alinituma nilete jiwe ili jiwe ndilo liseme. Na bado hakuwa na hakika kama hiyo inahesabiwa.

Nikapika sombe ya majani ya muhogo, nikala mbele yake sahani nzima, nikaongeza. "Unaona?" nikamwambia. "Siendi popote." Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu siku ile.

Kijana akatuita tena kabla kaka hajasafiri. Walikuwa wameondoa mawe ya chokaa na kupanda maua ya kawaida, yale ya mbele ya nyumba. Choo hakitachimbwa, alisema, wala kibanda. Ila bado watu watasimama, kwa sababu habari imeenea, na yeye hajui aseme nini. Alitaka mama ampe maneno.

Mama alifikiri. "Sema hapa ilikuwa nyumba. Batu balikuwa banasaga, banakula."

"Basi?"

"Basi."

Alikuwa amekuja na chupa ya mawese. Akamimina kidogo kiganjani, akapaka jiwe la mtoto, juu, pembeni, bila haraka, kama nilivyokuwa nikimwona akifanya tangu sijui kusema. Yaliyobaki kiganjani akanivuta mkono, akanipaka mimi, kuanzia kiwiko hadi vidole. Mkono wake ulikuwa wa moto.

Halafu akasimama wima, akafunga kitenge vizuri. Majina ya mapasa kwetu yanaitwa kwa mpangilio, la aliyetangulia kwanza; bila hilo la pili haliitwi. Akaita jina, kwa sauti ya kuita mtoto aliye mbali anachezea kijitoni. Sitaliandika hapa, ni lake. Akangoja. Upepo ukapita kwenye michikichi, na lori likapanda kona kwa gia ndogo.

Akaita la pili. Sikuwa nimewahi kulisikia, na liliniingia moja kwa moja, nikajua ni mimi.

"Abee, mama," nikaitika.